Namna ya Kununua Mwezi kwa Hasara

Ukitaka kuingia mkenge kwa raha zako, anza na sarafu 13 za fedha zilizotolewa na Royal Canadian Mint, kiwanda cha sarafu cha Kanada, mwaka 2018, zikiitwa Mafunzo 13 ya Bibi Mwezi. Michoro ni ya Frank Polson, msanii wa jamii ya Algonquin. Kuna Mwezi wa Roho, wa Dubu, wa Sukari, wa Stroberi. Zinapendeza kweli, na balaa linaanzia hapo.

Kwanza, iamini namba. Sarafu imeandikwa dola 20, basi ingia nayo duka lolote la Ottawa ukanunue mkate. Keshia ataigeuzageuza, amwite meneja. Sheria haimlazimishi kuipokea.

Sasa uamini uzito. Wakia moja, gramu 31 na ushee, usafi wa asilimia 99.99. Mpelekee sonara. Yeye hana habari na dubu, macho yake yako kwenye mizani, na bei atakayokutajia ni ya madini matupu.

Ikitoka alama nyeupe, maradhi ya kawaida ya sarafu za fedha safi, chukua majivu na ndimu uisugue kama sufuria ya pilau. Mng'aro wa kiwandani utaondoka na bei itaufuata. (Wakusanyaji wana akili zao: wako radhi na doa lililotulia ndani ya kasha kuliko usafi wako.)

Muhimu kuliko yote, usiulize kwa nini ziko 13. Ukiuliza utaambiwa habari za kobe: mgongoni ana magamba makubwa 13, na kwa Waanishinaabe, ambao Waalgonquin ni miongoni mwao, kila gamba ni mwezi mmoja wa mwaka. Mwezi wa Sukari ni wakati utomvu wa mti wa mepo (maple) unapoanza kutiririka, watu wakautega na kuuchemsha hadi ugeuke sukari. Ukishayajua hayo, sarafu moja haikutoshi tena, na muuzaji analijua hilo kabla yako.

Halafu kuna yule muuzaji mwenye sarafu "yenye mguso wa Wenyeji". Huyo muulize swali moja tu: nani kachora? Akikutajia mtu na jamii yake, endeleeni kupatana. Akianza kukuhadithia "hekima ya kale", mrudishie kiboksi chake.