Babu Ana Miaka Minne

Wewe unayeishi nyumba moja na mkweo utanielewa. Mwingine ajifunze.

Miaka minne iliyopita tulipata mtoto wa kiume, mke wangu akampa jina la marehemu baba yake. Nikakubali kwa moyo mweupe. Jina la mkwe halitamkwi ovyo, basi mtoto akawa "Babu". Mama mkwe, ambaye mimi humwita Spika (si mbele yake) kwa sababu pale kwangu hafungi mjadala mtu mwingine, yeye anamwita "mume wangu". Sasa mume wa mkweo utamchapa?

Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mzee wa nyumba. Kwetu inakwenda kwa Babu. Anaitafuna mara mbili, anaitemea kiganjani mwangu: "Baba, ngumu." Naila.

Siku moja alimwaga kilo nzima ya sukari, nikamkemea. Spika akatokea mlangoni na kanga yake: "Unamfokea mkweo?" Nikajikuta naomba radhi. Bado kidogo tu nimpe shikamoo, ambayo wajuzi wa lugha husema asili yake ni kushika miguu, na miguu yenyewe ilikuwa imejaa sukari.

Haya, juzi mjumbe wetu alipita kuandikisha wazee. Tangu ile Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, mzee ni wa miaka 60 kwenda juu. Mimi nilikuwa kazini. Aliyefungua mlango ni binti yangu wa miaka saba, Redio Mbao.

"Humu kuna mzee?"

"Yupo Babu."

"Hajambo?"

"Amelala. Usiku kakojoa kitandani tena."

"Masikini! Anatembea?"

"Akichoka, baba anambeba mgongoni."

"Na meno?"

"Mawili ya mbele hana."

Mjumbe akaandika. Jioni nakuta majirani watatu sebuleni wamekuja kumjulia hali mgonjwa, mmoja na machungwa, wananisifu kwa kumtunza mzazi wa mwenzangu. Mgonjwa mwenyewe yuko chini ya meza, anamenya chungwa la pili kwa meno yaliyobaki.

Nikasema kesho naenda kwa mjumbe, jina lifutwe. Mke wangu akamtazama mama yake. Spika akaweka kikombe chini.

"Mwanamume afutwe nyumbani kwake?"

Mpaka naandika haya, Babu yumo daftarini. Mimi simo. Nina miaka 46, na firigisi bado sijaipata ikiwa nzima.