Mkeka Umechanika, Lawama kwa Nta

Mbashiri wa mbio za farasi hakosei kamwe. Uwanja ndio humkosea. Hilo tuliliona California, wasimamizi wa mbio walipoagiza viwanja vikubwa viondoe udongo na kumwaga mchanga uliochanganywa na nyuzi za plastiki na nta, ili farasi wapungue kuvunjika miguu. Farasi hawakulalamika. Wataalamu wa mikeka ya kubeti ndio waliolia.

Kwenye udongo kazi ilikuwa nyepesi: mchague anayechomoka mbele, wenzake wale vumbi. Kwenye nta, wa nyuma hawapigwi sana na vumbi usoni, na wanafika mwisho wakiwa na nguvu zao. Mwaka 2008 pale Santa Anita, kimojawapo cha viwanja hivyo, farasi Curlin, bingwa wa udongo aliyebeba pesa za wengi, alimaliza wa nne katika mbio kubwa za Breeders' Cup Classic. Mshindi? Raven's Pass, mgeni kutoka Uingereza aliyezoea kukimbia kwenye nyasi. Mwaka uliofuata, katika mbio hizo hizo, farasi Zenyatta akatoka mkiani na kuwapita wote.

Je, wabashiri wetu walirekebisha hesabu zao? Thubutu! Walitangaza kwamba mbio hizo si za kweli, kana kwamba ukweli hupimwa kwa vumbi. Mwishoni mwa 2010 Santa Anita, iliyokuwa ikisumbuliwa na maji yasiyopita, ikarudisha udongo.

Basi mikeka haichaniki tena, sivyo? Ikichanika, wasijali: mvua ipo, joki yupo, na farasi mwenyewe hajawahi kusoma takwimu zao.