Muulize Kungwi: Taa Imekataa Posa

*Shikamoo Bi Kungwi. Nilinunua balbu janja mbili Kariakoo, zile za kubadilisha rangi kwa simu. Nimezifunga, zinakonyeza vizuri kabisa. Nikifungua programu na kuandika paswedi ya waifai, inahesabu mpaka asilimia 99, kisha inaniambia nijaribu tena. Simu mpya, ruta mpya, paswedi nimeihakiki herufi kwa herufi. Fundi anasema balbu ni feki. Nizirudishe?*
*Mteswa, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Kabla hujapanda daladala kwenda kugombana na mtoto wa watu, nijibu swali moja: ulipokuwa ukiiposa hiyo balbu, simu yako ilikuwa kwenye bendi gani?

Nilijua hujui. Ruta yako inarusha mawimbi kwenye bendi mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na kiwandani zote zimepewa jina moja ili usihangaike kuchagua. Ruta yenyewe ndiyo inayopanga nani akae wapi. Simu mpya iliyo sebuleni, hatua mbili tu kutoka kwenye ruta, mara nyingi hupangiwa bendi ya 5 kwa sababu ya kasi. Balbu nayo haisikii bendi hiyo kabisa. Ndani yake mna chipu ya redio ya bei ndogo, na nyingi za aina hiyo, kama ile ESP8266 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai iliyoingia sokoni mwaka 2014, hufanya kazi kwenye 2.4 peke yake. Huo si ufeki, ni hesabu ya mwenye kiwanda. Taa inahitaji kuambiwa waka, zima, kuwa nyekundu, basi. Redio ya bendi mbili ingekuongezea bei bila kukuongezea mwanga.

Sasa sikiliza jinsi posa inavyopelekwa. Kuna njia mbili. Katika ya kwanza simu hutangaza hewani jina la waifai na nywila yake, ikivificha katika urefu wa pakiti inazotuma, na balbu hutega sikio ikiokota kipande kimoja kimoja. Simu ikiwa bendi ya 5 na balbu ikiwa 2.4, mara nyingi mshenga wako anapiga hodi nyumba ya jirani. Katika njia ya pili balbu hufungua waifai yake ndogo, simu inaingia humo na kuikabidhi nywila mkono kwa mkono. Programu nyingi huiita modi ya AP, na balbu nyingi hukonyeza polepole zikiwa humo badala ya harakaharaka. Mimi ni mtu wa njia hii ya pili. Ina adabu.

Ikishindikana, geuza ruta uangalie kibandiko cha mgongoni: utakuta anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na nywila ya kuingilia kwenye mipangilio. Ingia, zima kile kipengele kinachounganisha bendi, na ipe 2.4 jina lake. Ukiwa humo humo angalia ulinzi: ukiwekwa WPA3 pekee, vifaa vingi vya bei ndogo vitagoma, hivyo chagua WPA2 au mchanganyiko wa hizo mbili. Ukiona mipangilio imefungwa na waliokupa ruta, zima bendi ya 5 kwa dakika kumi kama wamekuachia hicho kitufe. Hata hicho hawakukuachia? Chukua simu na balbu uende nazo mbali na ruta, kwenye holda ya barazani au ya getini, mpaka simu ikose bendi ya 5 iangukie ile ya chini. Majirani watakushangaa. Waache.

Ndoa ikishafungwa, rudisha simu kwenye bendi yake ya kasi. Taa na simu zitaendelea kuzungumza kupitia ruta. Si lazima zilale chumba kimoja.

*Bi Kungwi, shikamoo. Mume wangu amesikia kwamba 5G ndiyo kizazi kipya, basi ameizima kabisa ile bendi ya 2.4. Tangu siku hiyo kamera ya mlangoni imekufa, plagi ya feni imekufa, na chumba cha juu waifai haifiki. Nikisema, ananiita mshamba. Nyumba tumerithi kwa babu, kuta ni za mawe ya kale.*
*Mke Mwenye Subira, Mji wa Kale, Mombasa*

Marahaba, mwari wangu. Mumeo amesoma namba akaacha kusoma kipimo chake. Ile 5G ya minara ya simu ni kizazi cha tano cha mitandao ya simu. Hii 5 ya ruta ni gigahezi tano. Ni vitu viwili visivyojuana, ila watengenezaji wa ruta wamezidisha utata kwa kuweka "5G" mwishoni mwa jina la waifai, na hapo mimi simlaumu mumeo sana.

Wimbi la 2.4 lina urefu wa kama sentimita 12 na nusu. La gigahezi 5 ni kama sentimita 6. La pili hubeba mzigo mwingi zaidi lakini huchoka upesi likikutana na ukuta, na kuta zenu za matumbawe na chokaa, nene kama zilivyo, zilijengwa kuzuia joto, si kupitisha filamu. Mwambie, kwa upole na baada ya chakula, airudishe 2.4 kwa ajili ya kamera na plagi. Televisheni iliyo chumba kimoja na ruta ibaki kwenye 5. Huko juu pelekeni waya na kituo cha pili cha waifai. Vile vipaza mawimbi visivyo na waya, vikiwekwa mahali ambapo mawimbi yameshakufa, vinapaza kifo hicho hicho.

Naye atakujibu kwamba 2.4 imesongamana. Hapo ana haki. Majirani wote wamo, na chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Tanuri la maikrowevu nalo hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45, kwa hiyo ukipasha biriani kamera ikakwama, usiite fundi. Subiri biriani.

*Kungwi, shemeji yangu ametuletea balbu janja kutoka Marekani. Zitakubali ruta ya huku?*
*Mwenye Bahati, Nakuru*

Soma kwanza maandishi kwenye kitako cha balbu. Kama ni volti 120, usizifunge, maana umeme wetu ni mara mbili ya huo na hamtafika hata kwenye posa. Kama zinakubali hadi 240, weka ruta kwenye chaneli ya 1 hadi 11. Vifaa vya soko la Marekani kwa kawaida havisikii 12 wala 13. Na msalimie shemeji.

*Bi Kungwi, kila umeme unapochezacheza usiku, taa zangu huanza kumemeteka kama disko na zinasahau kila kitu. Watoto wanafurahi. Mimi silali.*
*Baba Disko, Mbezi*

Pole, baba. Balbu nyingi zimefundishwa kwamba zikizimwa na kuwashwa haraka mara tatu au zaidi, mwenye nyumba anataka zisahau waifai ya zamani. Umeme ukikatika na kurudi mara tatu, balbu imehesabu talaka tatu, na hakuna rejea: ni kuposa upya. Tafuta kwenye programu kama unaweza kuizuia tabia hiyo. La sivyo, weka balbu za kawaida na swichi janja ukutani, lakini fundi ahakikishe kwanza kama kwenye kisanduku cha swichi kuna waya wa nyutro, maana swichi nyingi janja zinauhitaji na nyumba zetu nyingi hazina. Faida nyingine: dada akizima ukutani kama alivyozoea, hakuna kinachoharibika. Balbu janja iliyokatiwa umeme ukutani haina masikio.

*Kamera yangu bado ina nywila ya "admin". Kuna ubaya?*
*Mvivu, Arusha*

Upo. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilikusanya kamera na vinasa video vya namna hiyo kwa maelfu mengi, na tarehe 21 Oktoba vikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn hadi tovuti kubwa za Marekani zikapotea kwa saa kadhaa. Badilisha leo. Kisha ihamishie kwenye waifai ya wageni, ukijua kwamba huko vifaa kwa kawaida havionani, hivyo spika na televisheni usivipeleke.

*Kungwi, nilifuata ushauri wako, taa zote zimeungana. Sasa niko kazini saa nane mchana, simu inaniambia taa ya chumbani imewaka, tena rangi nyekundu. Nyumbani yuko mume wangu tu.*
*Macho Mbali, Ubungo*

Fungua historia ndani ya programu. Ikiandika kwamba ni ratiba iliyoiwasha, ifute ratiba. Ikiandika kwamba ni simu ya mumeo, barua yako naipeleka kwa Shangazi, ukurasa wa pili.