Msafara wa Mamba, Kenge Tumo

Wenye pesa zao hupanda meli ndefu kuliko mtaa mzima wa Kaloleni, wakalala baharini majuma mawili, kisha asubuhi moja wakashushwa kwa mashua hadi kisiwa cha Komodo kule Indonesia. Huko humfuata askari wa mbuga mwenye fimbo yenye panda, humtazama kenge wa mita tatu aliyejilaza kivulini, hupiga picha, na kabla ya chakula cha mchana wamerudi melini. Bei ya safari hiyo niliisoma nikiwa nimesimama, nikaona niketi kwanza ndipo niisome tena.

Video yake ilizunguka kwenye simu za chama chetu cha Donholm mwezi wa Novemba, wakati pesa za mwaka zinakaribia kugawanywa na kila mwanachama ni mtalii. Mweka hazina akauliza kama kuna aliyewahi kupanda meli. Kimya. Mama mmoja akasema amepanda feri ya Likoni. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu kuwa ana uzoefu.

Wahenga walisema katika msafara wa mamba na kenge wamo, kwa hiyo nikatumwa kutafuta safari za bei ya kenge: kisiwa ikiwezekana, mnyama atambaaye lazima. Orodha ndiyo hii, tukianzia mkiani. Kipimo changu ni kimoja tu: mnyama awe na uhuru wa kukukataa. Akilazimika kutokea kwa sababu umelipa, huyo si mnyama wa porini, huyo ni mfanyakazi.

7. Snake Park, Museum Hill

Imekuwa ya mwisho kwa sababu kila mtoto wa Jericho na Mbotela alishapelekwa huko na basi la shule, soda mkononi. Ilifunguliwa mwaka 1961 kando ya makumbusho ya taifa. Utaona kifutu, swila na koboko. Ngozi ya koboko ni ya kijivu. Cheusi ni kinywa chake, na ukishakiona kinywa maswali mengine hayana haraka tena. Mamba yuko kidimbwini. Ukimkodolea macho kwa muda utaanza kushuku kuwa ni wa saruji.

Heshima yake ipo, lakini. James Ashe alifanya kazi ya nyoka pale makumbusho kabla ya kuhamia Watamu, ambako alianzisha kituo cha Bio-Ken mwaka 1980. Swila mkubwa kuliko wote wanaotema sumu duniani, naye anaishi Kenya, alipewa jina la kisayansi mwaka 2007: Naja ashei. Ashe alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Wakubwa wengine hupewa barabara, yeye akapewa nyoka, na nyoka hapati mashimo mvua ikinyesha.

Kwa kipimo changu, hata hivyo, wote pale ni wafanyakazi, zamu ya mchana.

6. Ua wa jirani

Nauli hakuna. Pale Buruburu, penye ua ambao bado ni wa mimea na si ukuta wenye vipande vya chupa juu, kinyonga yupo. Uhuru wa kukukataa anao na anautumia kikamilifu: yuko mbele ya pua yako na humwoni.

Shida ni watazamaji. Mtu aliyewahi kumkaba mwizi wa simu Muthurwa kwa mikono mitupu atamwona kinyonga wa urefu wa kidole na kutimka akipiga mayowe mpaka Mutindwa. Kisha huyo huyo anataka kupelekwa Komodo.

Tena kinyonga ametuacha mbali kwenye utalii. Yule wa pembe tatu, anayependa zaidi upande wa mvua wa Karen na Limuru kuliko udongo wetu mweusi, alipelekwa Hawaii mwaka 1972 na mfanyabiashara wa wanyama wa kufuga. Wakafika wamekonda, akawaweka bustanini wapate nguvu, wakapata nguvu wakatoroka. Mpaka leo kizazi chao kipo porini huko, na kwa kuwa hawatagi mayai bali huzaa watoto walio tayari kutembea, hawakuchelewa kuongezeka. Kinyonga wa Nairobi alipata kisiwa, ukaazi na familia kubwa kabla hata mtu wa Umoja hajapata pasipoti.

5. Haller Park, Bamburi

Treni ya SGR kutoka Syokimau, siku ya pili uko Bamburi. Zamani palikuwa mashimo ya kuchimbia mawe ya saruji. René Haller akaanza kupanda mivinje mwaka 1971, akaleta jongoo wavunje majani yawe udongo, na msitu ukasimama juu ya mwamba mtupu. Meli za watalii zikitia nanga Mombasa, baadhi ya abiria huletwa hapa wapate la kusimulia mezani jioni.

La kusimulia lenyewe ni kobe aitwaye Mzee. Desemba 2004, baada ya tsunami, kiboko mchanga aliyeachwa na kundi lake aliokolewa karibu na Malindi, akaletwa hapa, akaitwa Owen. Alipoteremshwa tu alikwenda moja kwa moja kujibanza nyuma ya Mzee, kobe mkubwa wa asili ya Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka kama 130. Mzee alikasirika. Alifoka. Alijaribu hata kukimbia, lakini mbio za kobe mwazijua. Baada ya siku kadhaa akakubali matokeo, wakawa wanakula pamoja, wanalala pamoja, na picha zao zikazunguka dunia nzima.

Hapo kipimo changu kiliyumba kidogo. Mzee alikuwa na uhuru wa kukataa na akakataa kweli. Alichokosa ni kasi.

4. Changuu, Zanzibar

Sasa tumefika kisiwani. Boti kutoka Mji Mkongwe, safari ya kama nusu saa, na nahodha atakutajia bei mbili kabla hujakaa. Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa sultani, alijenga jela hapa miaka ya 1890, na ndiyo maana wageni huita Prison Island. Jela haikupata wafungwa. Ikageuzwa karantini ya abiria walioshukiwa kuwa na homa ya manjano, wale waliokuja kwa meli wakiwa na mipango mingine kabisa.

Mwaka 1919 gavana wa Seychelles akapeleka zawadi ya kobe wanne wa Aldabra. Wakazaana wakafika kama 200 miaka ya 1950, halafu wezi wakawagundua. Kobe wa kilo mia mbili anaibwaje, mtu wa Kariobangi atakueleza bila kufikiri: unaanza na wadogo. Kufikia 1996 walikuwa wamebaki saba. Wakaletwa wachanga wengine, nao wakaanza kupotea, mpaka ua wa nguvu ukajengwa. Ndivyo jela iliyokosa wezi ilivyoishia kuwafungia waibiwa.

Umri wao umeandikwa mgongoni kwa rangi ya buluu. Tafadhali, ukimwona mwenye 58 usimpungie mkono kama matatu, haendi Buruburu. Na wa 111 haendi Ngong.

Nakipenda kisiwa hiki, ila ni bustani. Ukitaka kuwaona ndugu zao walio huru lazima uende Aldabra kwenyewe, ambako wapo zaidi ya laki moja, hakuna hoteli, hakuna uwanja wa ndege, na kufika ni kwa chombo cha baharini tu. Uwanja wa ndege ulikaribia kujengwa: Waingereza walitaka kituo cha ndege za kivita huko miaka ya 1960, wanasayansi wakapiga kelele, na mwaka 1967 mpango ukaachwa. Aldabra ingekuwa namba moja hapa bila mashindano. Haimo kwa sababu mweka hazina aliposikia nauli alifunga daftari.

3. Juani, Mafia

Kisiwa kidogo kando ya kisiwa cha Mafia, chenye magofu ya mji wa Kua na fukwe ambazo kasa hupanda usiku kutaga. Shirika la Sea Sense huwatumia watu wa vijiji vya huko kulinda viota. Siku ya kuanguliwa ikikaribia, wageni huvushwa kwa mashua, hutembea kukata kisiwa, kisha hungoja.

Kungoja ndiyo safari yenyewe. Mchanga unatulia, unatulia, halafu unachemka, na vichwa vidogo vinatoka vikiwa na haraka ya makanga wa Jogoo Road saa kumi na mbili asubuhi. Au hatoki hata mmoja na mnarudi mkila maandazi, maana kasa hajasaini popote. Joto la mchanga ndilo huamua jinsia yao: ukipata joto sana wanatoka majike. Kina mama wa chama walilipokea hili kwa makofi. Wakaulizwa madume watatoka wapi mchanga wote ukipata joto. Wakasema hilo ni la mkutano ujao.

2. Musambwa, Uganda

Visiwa vya mawe upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Shakwe huzaliana hapo kwa maelfu, na palipo mayai mengi hivyo, nyoka hawakosi. Swila wa msituni wanaishi huru miongoni mwa wavuvi, na wavuvi hawawaui: kwa mila ya kisiwa, nyoka ni wenyewe. Asubuhi mvuvi anatoka kibandani, swila yuko jiweni anaota jua, kila mmoja anaendelea na shughuli zake.

Kwa kipimo changu hapa ni alama mia kwa mia. Ni namba mbili kwa sababu moja tu: wazo hili lilipigiwa kura kwenye chama na mikono iliyoinuka ilikuwa ya kuomba ruhusa ya kutoka.

1. Central Island, Ziwa Turkana

Hii ni yetu, haina pasipoti, na wenyeji wake ni mamba. Ni mbuga ya taifa tangu 1983, kilomita tano za mraba tu, katikati ya ziwa kubwa la kudumu kuliko yote yaliyomo jangwani duniani. Kisiwa chenyewe ni volkano ambayo haijamaliza maneno. Bado inafuka mvuke. Ndani yake kuna maziwa matatu ya kreta: la Mamba, la Flamingo na la Tilapia. Aliyeyapa majina hakujisumbua na ushairi, namshukuru. Unajua pa kutooga.

Njia ni hii: basi la usiku hadi Kitale, gari lingine kupitia Kapenguria kushuka mpaka Lodwar, kutoka hapo hadi Kalokol, halafu boti. Wenye meli wana bwawa la kuogelea ghorofa ya juu. Wewe una dirisha lisilofunga na jirani anayekulalia begani tangu Nakuru. Lakini wao hawamwoni mamba huyu.

Ziwa lina sura ya upole mpaka upepo uamke. Mwaka 1934 msafara wa Vivian Fuchs uliwapeleka watu wawili, Martin Sheppard na W. S. Dyson, kwenye kisiwa cha kusini cha ziwa hili. Hawakuonekana tena. Kwa hiyo nahodha akisema leo hatutoki, hatutoki. Usimwonyeshe risiti, upepo hausomi.

Wazungu wa kwanza kulifikia, Teleki na von Höhnel, walikuja mwaka 1888, wakalipa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, kana kwamba Waturkana walikuwa wameishi miaka yote kando ya maji yasiyo na jina. Jina la Turkana likawa rasmi mwaka 1975. Von Höhnel naye alipewa kinyonga wa nyanda za juu. Mweka hazina wetu, baada ya kusikia habari za Ashe na huyu, ameomba mjusi kafiri.

Miaka ya 1960 Alistair Graham na Peter Beard walikuja kuwachunguza mamba wa ziwa hili kwa niaba ya idara ya wanyamapori, na katika uchunguzi huo waliwapiga risasi karibu 500. Hivyo ndivyo utafiti ulivyofanywa: kwanza unamuua mhusika, halafu unamuuliza maswali. Kitabu chao kilitoka 1973. Waliosalia wamezaa, wajukuu wao wapo, na sidhani wanahitaji kukumbushwa jinsi ya kuwatilia shaka wageni.

Unapanda ukingo wa kreta kwa miguu juu ya changarawe nyeusi inayokurudisha hatua moja kwa kila mbili. Unafika juu huna pumzi. Chini, ukingoni mwa maji, wamelala. Mmoja anakusikia. Anaingia majini bila haraka wala kelele, mwingine anafuata, na mwingine, mpaka ufuko wote ni mtupu na ziwa lina macho. Umekataliwa, rasmi, na mnyama ambaye jamii yake ilikuwapo kabla watu hawajawa watu. Bei uliyolipa haikumhusu hata kidogo. Hakuna askari wa kumchokoa kwa fimbo ili upate picha ya pili.

UNESCO iliiorodhesha mbuga hii pamoja na Sibiloi mwaka 1997, na mwaka 2018 ikaziweka mbuga za ziwa hili kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa hofu ya bwawa la Gibe III huko Ethiopia kwenye mto Omo, unaoleta karibu maji yote ya ziwa. Miaka ya karibuni ziwa limefanya kinyume, limepanda na kumeza fukwe ambazo watu walizizoea. Ngojangoja hapa haina faida.

Chama kimekubali, kwa kura, baada ya zogo la saa mbili kuhusu nani atabeba sufuria. Ada ya KWS mlipie kwa eCitizen mkiwa bado Lodwar, mbele ya hapo mtandao una tabia zake. Viatu vya kufunga, maji ya kutosha, kofia ya kamba. Jaketi la kuelea livaliwe kabla ya picha, si baada. Na atakayekuja na spika ya muziki ataachwa Kalokol, akafurahishe samaki waliokaushwa.