Sifa za Fomu ya Ridhaa ya Mwenza

Kati ya karatasi zote anazodaiwa mtu anayetaka mkopo wa nyumba Dar es Salaam, hakuna inayosonywa kama fomu ya ridhaa ya mwenza. Nimekuja kuimwagia sifa.

Karatasi nyingine zina wapambe wake. Hati miliki hufungiwa kabatini pamoja na dhahabu ya harusi. Ripoti ya mthamini imejaa picha za rangi na tarakimu za kumfurahisha mwenye nyumba. Ripoti ya upekuzi kutoka kwa Msajili wa Hati inatamka kwa sauti ya serikali kama kiwanja kimewekewa zuio au tayari kina rehani ya mtu mwingine. Hata risiti ya pango la ardhi, ambayo wengi huikumbuka siku benki inapoiulizia, ina heshima yake. Fomu yetu haina lolote. Ni ukurasa mmoja, kopi iliyotolewa kopi mpaka mistari imelala upande. Juu kuna kisanduku cha picha ya pasipoti. Katikati kuna maneno: “Mimi, mke/mume (futa isiyohusika) wa … nimeridhia kwa hiari yangu, bila kushurutishwa…” Chini ni nafasi ya sahihi au dole gumba, na pembeni nafasi ya wakili kugonga muhuri. Basi. Karatasi hiyo ndiyo inayomtoa jasho mwanamume mwenye shahada mbili.

Tazama kazi yake. Miaka mingi kungwi, shehe na padri wamewahimiza wanandoa washauriane, na kwenye kitchen party bibi harusi amehubiriwa subira mpaka mate yakamkauka mhubiri. Bwana harusi hajaandaliwa hata kikao kimoja. Kisha inakuja fomu. Jioni hiyo hiyo mzee anafika nyumbani kabla ya taarifa ya habari, mkononi ana kuku mzima na soda za watoto. Anauliza kama mguu wa mama mkwe umepona. Anasifia mchuzi. Baada ya kula anakohoa kidogo, anasema, “Mama Asha, kuna kikaratasi hapa, cha benki tu, ni utaratibu.” Mama Asha, ambaye siku zote aliambiwa mambo ya kiwanja hayamhusu, anakipokea, anavaa miwani, anasoma. Hapo ndipo anapojua kwamba mkopo ni wa miaka 15, marejesho ni karibu nusu ya mshahara, na mshahara wenyewe ni mkubwa kuliko alioambiwa. Niambie ni hotuba gani imewahi kufanya hayo kwa usiku mmoja.

Na haikuzuka juzi kwa ubunifu wa mabenki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 114, ikaongeza kwamba rehani ya nyumba ya ndoa haiwi halali mpaka mwenzi anayeishi humo atie sahihi au paonekane ushahidi kwamba ameridhia. Kati ya miaka hiyo miwili kuna kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini anaijua: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilipotamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia sehemu ya nyumba, kwa kuwa mahakama iliona alikwishapewa chake na akakitumia vibaya. Lakini kesi ile ilihusu mgawanyo baada ya talaka, vyombo vikiwa vimeshatolewa nje. Fomu ina adabu zaidi: inauliza watu wakiwa bado wanakula sahani moja.

Wanaoilalamikia huja na maswali, na maswali hayo hayana tofauti kubwa kutoka dawati moja la mikopo hadi jingine. La kwanza ni, “Nyumba hii nilijenga kabla sijaoa, jina kwenye hati ni langu peke yangu, mke anaingiaje?” Anaingia kwa mlango wa mbele, kila siku. Sheria inapoitambua nyumba ya ndoa hutazama mume na mke wanaishi wapi kwa kawaida, haiulizi nani alilipa fundi wa msingi. La pili huulizwa kwa sauti ya chini: “Na kama hatujafunga ndoa, tunaishi tu?” Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinamsubiri huyu. Wakiwa wamekaa pamoja miaka 2 au zaidi, na mtaa ukawajua kama mume na mke, sheria itawahesabu kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kuna kijana aliyesema “tunaishi tu” kwa muda wa kutosha kusomesha mtoto chekechea. Fomu ikamwoza bila mahari.

Mke akiwa Muscat kikazi, atasaini hukohuko mbele ya afisa wa ubalozi au mthibitishaji, karatasi irudi. Akiwa amefariki, benki itataka cheti cha kifo, na mara nyingi itauliza mirathi imeishia wapi. Mkiwa mmeachana, lete hati ya talaka, maana “tulishamalizana” si nyaraka.

Swali tamu kuliko yote ni la mwenye wake wawili. Sheria haikumwacha, imeandika wenzi, kwa wingi: kila anayeishi katika nyumba hiyo inayowekwa rehani ana sahihi yake. Ndiyo maana nasema fomu hii ni sensa bora kuliko ile ya kila baada ya miaka 10. Karani wa sensa huambiwa lolote kisha akaondoka. Afisa mikopo hukaa, akaomba na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, na mjumbe wa mtaa anajua nani analala wapi kuliko mwenye kulala. Benki imekuja kuulizia nyumba, na kabla ya chai kwisha imeshapata habari za nyumba ndogo.

Tusiidanganye nafsi kuhusu benki lakini. Haipendi ndoa yako, inapenda fedha zake. Inaogopa siku ambayo mkopo umelala, mnada umetangazwa, dalali wa mahakama amefika na kipaza sauti, halafu anatokea mama mwenye cheti cha ndoa na zuio la mahakama, anasema hakushirikishwa. Rehani yote inaweza kuyumba hapo, na aliyenunua mnadani akajikuta amenunua kesi. Mwaka 2008 Bunge liliwapunguzia wakopeshaji hofu hiyo kwa sheria ya mikopo ya nyumba iliyokirekebisha kifungu cha 114: mwombaji akiapa kwa maandishi kuhusu kuwapo kwa mwenzi, benki inahesabiwa imetimiza wajibu wake wa kuuliza. Anayeapa uongo amejitia kwenye kosa la jinai, lenye faini isiyopungua nusu ya mkopo au kifungo kisichopungua miezi 12. Kwa mtazamo wangu marekebisho hayo yalimfaa zaidi mkopeshaji kuliko mke aliyefichwa. Mume akifungwa, nyumba hairudi kwa sababu hiyo. Lakini hata hapo fomu imebaki na utukufu wake, kwani hakuna karatasi nyingine nchini inayoupa useja thamani ya nusu ya mkopo.

Kipimo cha hadhi ya kitu ni watu wangapi wanahangaika kukighushi. Hakuna anayeghushi barua ya pongezi. Fomu ya ridhaa, kwa upande wake, imezaa kazi ya mke wa kukodi: mwanamke anayevaa kanga mbili, anayeshika picha ya pasipoti ya kwake, anayeingia ofisi ya wakili akimwita mteja “baba watoto” kwa ufasaha ambao mke halisi aliuacha zamani. Wapo pia mawakili wanaogonga muhuri bila kumwona mtu, fomu ikiletwa na dereva. Nawaonea huruma wote, maana wamelipa fedha na kuhatarisha jela ili kukwepa mazungumzo ya nusu saa mezani.

Kwa haki, fomu haibagui. Mwanamke mwenye nyumba yake naye anadaiwa fomu hiyo, na hapo huonja machungu yake. Mume ambaye hajanunua hata bati anagundua kwamba sahihi yake ina bei. Mmoja aliridhia kwa hiari yake, bila kushurutishwa, baada ya kununuliwa pikipiki. Na yupo mama ambaye mume wake aliondoka kwenda machimboni Geita, simu ikaacha kuita, na kila dirisha la benki linamwambia alete sahihi ya mtu asiyejulikana aliko. Kwa huyo sifa zangu zinapungua sauti. Njia yake ni mahakamani, na ni ndefu, wakati paa linavuja sasa hivi.

Wanunuzi nao wasikae kando wakicheka. Anayenunua nyumba kwa fedha taslimu, bila benki wala afisa mikopo wa kumsumbua, ana wajibu uleule wa kuuliza kama mwenzi wa muuzaji ameridhia. Dalali atakuambia mzee ni mtu wa dini, maneno yake ni hati tosha. Mwambie mzee alete fomu na mke wake, waje wote wawili kwa wakili, na wewe uwepo.

Nawe unayeletewa fomu hiyo baada ya kuku na soda, usiione kikaratasi. Soma jina la mkopaji, namba ya hati, na kiasi. Kuna fomu huletwa zikiwa na nafasi ya kiasi tupu, kwa maelezo kwamba benki itajaza baadaye. Sahihi yako hapo inaweza kubeba milioni 20 au milioni 200. Rudisha kalamu mpaka tarakimu ziandikwe, chukua kopi yako, na ukitaka, kula kuku kwanza.