Mhadhara wa Bingwa kwa Mahujaji Watakaoshuka Fiumicino

Baba Paroko, Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei, viongozi wa jumuiya ndogondogo, wanakwaya, na ninyi mahujaji wa Roma mnaoendelea kuingia ingawa nimekwisha anza: itifaki imezingatiwa, na kama kuna mheshimiwa ambaye haikumfikia, aizingatie mwenyewe huko alikokaa.

Wengi mnanifahamu. Kwa wachache ambao hawajabahatika, mimi ndiye mwasisi, na hadi sasa mhitimu pekee, wa elimu ya kutoka uwanja wa ndege. Elimu ya kwenda uwanjani kila mtu anayo. Unapakia, unasindikizwa, unaliliwa. Lakini ukishashuka ugenini, ndugu wamebaki nyuma na begi liko mbele, hapo ndipo taaluma yangu inapoanzia. Nimeikusanya kwa kusoma ramani na ratiba za treni, na kwa kuwahoji watu waliorudi kabla hawajapumzika. Wapo wenye husuda wanaouliza kama mimi mwenyewe nimewahi kufika Roma. Hilo ni swali la kitoto. Mtaalamu wa nyota hajawahi kulala Zuhura, na hakuna anayemdai aonyeshe tiketi.

Tuanze na historia, maana anayeanza na nauli ana haraka, na mwenye haraka hupotea njia. Kando ya uwanja wa Fiumicino, ambao jina lake rasmi ni Leonardo da Vinci, kuna bwawa lenye pembe sita. Mkibahatika kukaa upande wa dirisha unaofaa mtaliona mkiwa angani. Upande unaofaa ni upi, nitawaeleza faragha kwa mchango mdogo. Hilo si bwawa la samaki. Ni bandari ya Kaisari Trajano, iliyochimbwa mwanzoni mwa karne ya 2 kando ya ile iliyoanzishwa na Kaisari Klaudio katika miaka ya 40. Ngano ya Misri ilishushwa hapo, ikapakiwa kwenye mashua bapa, zikakokotwa kwa kamba kuupanda mto Tiber hadi mjini. Kwa hiyo swali letu la leo, kwamba nimeshuka hapa, mjini naingiaje, lina umri wa karibu miaka elfu mbili. Gunia la ngano halikuwa na hiari. Ninyi mnayo, na balaa lote linaanzia hapo.

Mtazameni Mtume Paulo. Alikuwa anakwenda Roma, bandari ya Klaudio ipo, lakini akashuka Puteoli, karibu na Napoli, zaidi ya kilomita 200 kutoka alikokuwa anakwenda! Ndugu wa Roma ikabidi wafunge safari kumlaki njiani. Kwa heshima zote kwa Mtume, huo si upangaji wa safari. Sista pale mbele ananong'ona kwamba Paulo alikuwa mfungwa na wala hakuulizwa. Asante, Sista. Ndicho nilichokuwa nasema. Hata leo wapo watu huru kabisa wanaonunua tiketi ya bei nafuu ya kwenda Milano, wakashushwa Bergamo, kilomita kama 50 kutoka Milano, na hakuna aliyewafunga pingu.

Sasa njia. Kutoka Fiumicino hadi katikati ya Roma ni kilomita kama 30, na njia ziko nne. Atakayewaambia ziko tano anahesabu na miguu.

Ya kwanza ni treni iitwayo Leonardo Express. Inaanzia uwanjani hapo hapo, haisimami popote, na dakika 32 baadaye iko Termini, stesheni kuu. Nauli ni euro 14. Treni hii naipendekeza kwa kila mtu, bila ubaguzi, kwa sababu mbili za kisayansi: inaitwa Express, na kitu cha euro 14 hakiwezi kuwa kibaya kuliko cha euro 8.

Sista ameinua mkono. Kwa wasiomfahamu, Sista huyu alisoma miaka mingi Chuo Kikuu cha Urbaniana, pale juu ya kilima cha Gianicolo, na vituo vya Roma anavijua kwa nyayo zake. Namheshimu. Ila, ndugu zangu, tusichanganye uzoefu na utaalamu. Uzoefu ni kupanda treni. Utaalamu ni kuieleza.

Anauliza mahujaji watalala wapi. Ni swali la pembeni, lakini nitamjibu: nyumba ya masista, karibu na Vatikani. Basi Sista anadai kwamba Termini iko mashariki ya mji, Vatikani iko magharibi, na uwanja wenyewe uko kusini-magharibi. Kwa maneno mengine, ukipanda hiyo Express unaupita mji mzima, halafu unaanza kurudi ulikotoka kwa metro ya mstari A, vituo sita hadi Ottaviano, umekumbatia begi katikati ya watu usiowajua, mkono mmoja kwenye pochi. Anasema afadhali ile treni ya kawaida, FL1, euro 8, inayotoka stesheni ile ile ya uwanjani. Unashuka Trastevere, unabadilisha na kupanda FL3, vituo viwili tu uko San Pietro, na kutoka hapo ni mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu hadi uwanja wa Mtakatifu Petro. Nimeitazama ramani yangu. Ramani inaonyesha kwamba Sista amekubaliana na mimi. Nilikuwa naelekea huko huko, yeye kanitangulia kusema.

Andikeni, tafadhali: Kanuni ya Kwanza ya Bingwa. Usafiri hauchaguliwi kwa kutazama uwanja unaposhukia. Unachaguliwa kwa kutazama kitanda utakacholalia. Kanuni ni yangu. Sista ametoa mfano.

Tubaki kidogo kwenye FL1, njia ya pili, ambayo nimeipendekeza tangu mwanzo. Anayelala upande wa Piramide ashuke Ostiense, palipo na metro ya mstari B. Mstari A unapatikana ukishuka Tuscolana. Termini treni hii haifiki kabisa, na mgeni asiyelijua hilo hukaa kwa utulivu, miguu juu ya begi, akiisubiri Termini iliyo nyuma yake, hadi apelekwe nje ya mji upande wa kaskazini, ambako nasikia kuna hewa nzuri. Vilevile msipande Leonardo Express na tiketi ya FL1 kwa hoja kwamba zote ni treni. Na tiketi ya karatasi mliyonunua dirishani igongeni kwenye kile kimashine cha stesheni kabla hamjapanda. Mkaguzi wa kule hana mazungumzo. Kumwambia “sikujua, baba” hakusaidii, hata ukimwambia kwa Kilatini.

Ya tatu ni basi. Euro 6 au 7, hadi Termini, kama saa nzima ikitegemea foleni. Sina la kuongeza.

Ya nne ni teksi, na hapa naomba waliosinzia waamshwe. Teksi halali ya Roma ni nyeupe, ina kibao juu ya paa, nembo ya manispaa na namba ya leseni mlangoni, na inasubiri kwenye foleni yake nje ya jengo. Yule anayekufuata ndani, kabla hujaona hata jua la Italia, akikunong'oneza “taxi, taxi”, ni mpiga debe. Mnawajua, mmekulia nao. Huyu tofauti yake ni koti tu. Nauli imepangwa na manispaa: euro 55 kutoka Fiumicino hadi popote ndani ya Kuta za Aurelian. Ni kwa gari zima, si kwa kichwa, na mabegi yamo humo humo. Watu wanne mkichanga, kila mmoja anatoa euro 13 na senti 75. Mmeishinda Leonardo Express kwa senti 25 kila mtu, na mmeshushwa mlangoni! Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe, kwa kalamu.

Mtauliza Aurelian ni nani. Ni Kaisari aliyeanza kuuzungushia mji ukuta mwaka 271, wa kilomita kama 19, akihofia makabila ya kaskazini. Maskini hakujua kwamba anawachorea madereva mpaka wa nauli. Sasa tatizo, na tatizo hili nililigundua mimi kabla Sista hajainua mkono, ingawa nyote mmeona mkono umeinuka: kilima cha Vatikani alikiacha nje. Ndiyo maana mwaka 846 wavamizi kutoka baharini walilipora Kanisa la Mtakatifu Petro, na Papa Leo wa Nne akalazimika kujenga ukuta mwingine wa kulilinda. Hivyo anayelala Vatikani, kabla mlango wa teksi haujafungwa na begi halijaingia kwenye buti, amwulize dereva waziwazi: mpaka pale ni hamsini na tano? Asubiri jibu. Tabasamu si jibu.

Watakaoshushwa Ciampino, uwanja mdogo ulio kusini-mashariki, nauli yao ya teksi ni euro 40. Reli haiingii uwanjani. Unachukua basi hadi stesheni ya Ciampino, halafu treni, kama robo saa hadi Termini.

Mzee wa pale nyuma anauliza kuhusu migomo. Swali zuri, mzee wangu, ingawa ungelisubiri sura yake. Italia mgomo una ratiba. Sheria namba 146 ya mwaka 1990 inataka utangazwe mapema, na inataka huduma za lazima ziendelee kwa kiasi. Siku ya kazi yenye mgomo, treni za mikoa zinahakikishwa kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na tena kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Ratiba zao zimeandikwa 6 hadi 9 na 18 hadi 21. Anayeisoma ile 6 kwa saa ya nyumbani atafika stesheni saa sita mchana, mgomo umenoga, na hapo hata mimi sina msaada.

Nimefika kwenye ugunduzi ulionigharimu usingizi: mita 500 za mwisho. Wataalamu wengine wanakuacha kituoni na kukutakia heri. Lakini katikati ya Roma mitaa mingi imetandikwa vijiwe vyeusi vya mraba, sampietrini, vilivyopangwa kimoja kimoja, na kati ya kimoja na kingine kuna ufa unaomeza gurudumu la begi. Najua kwamba kuna mtu ndani ya ukumbi huu aliyepakia kilo tano za sembe na dagaa kwa ajili ya padre wa kijijini kwao anayesoma kule. Simtaji. Mama, usiangalie pembeni. Ule unga wa sembe, Trastevere ni ngazi za kushuka na ngazi za kupanda, na San Pietro ni kuuburuta juu ya mawe. Kanuni ya Pili: euro zihesabu baadaye, kwanza hesabu ngazi, kisha hesabu magoti ya watu ulio nao. Vijana wenye mkoba wa mgongoni wachukue FL1 na wasimsumbue mtu. Wazee wanne wenye mabegi manane wapande teksi, na hayo mabegi manane wayapunguze, maana buti ya teksi si kontena. Sista ametikisa kichwa kukubali. Katibu aingize hilo kwenye kumbukumbu.

Naona Mama Katibu ananiletea karatasi badala yake. Inasema… inasema kundi letu lina watu 42, na kwamba Baba Paroko alikwisha kodi basi zima litakalowasubiri Fiumicino, na limelipiwa. Inasema pia kwamba mhadhara huu uliwekwa kwenye ratiba kuwapa watu kitu cha kusikiliza wakati chai inachemka.

Basi la kukodi! Hiyo ndiyo njia ya tano, ambayo sikuitaja kwa makusudi ili nione nani yuko makini. Sista anaongeza kwamba mabasi ya watalii hayaingii katikati ya Roma bila kibali, na kwamba huenda likawashusha kwenye maegesho ya Gianicolo, yale yaliyojengwa kwa Jubilei ya mwaka 2000, kisha mtaburuta mabegi wenyewe. Mmesikia? Mita 500 zangu hizo!

Nasikia sufuria. Maswali kuhusu vituo, ngazi na mahali pa kugongea tiketi mpelekeeni Sista. Yale ya kinadharia niletewe mimi, na bahasha ianzie safu ya mbele.