Mchuzi Huita Bugali: Mwongozo wa Kukaanga Mboga Butembo na Beni

Kwanza hakikisha hakuna mgeni njiani. Vitabu vya mapishi huiruka hatua hii, maana waandishi wake wanaishi kwenye miji ambako mtu hapigi hodi kabla ya kupiga simu. Butembo mambo ni mengine. Ukimwekea shemeji yako sahani ya kabichi, karoti na yai, bila bugali, atakula kwa adabu zote, atakushukuru, kisha atakaa kimya akingojea chakula. Kesho yake, kuanzia Furu hadi Katwa, watu watakuwa wanaulizana kwa huruma kilichoipata biashara yako.

Basi tuseme mgeni hayupo, na daktari amekuambia upunguze wanga. Au suruali ndiyo imekuambia. Adui unamjua: ni bugali. Katika gramu 100 za unga wa muhogo, zaidi ya gramu 75 ni wanga, na protini haifiki gramu 3. Ukikimbilia mchele, umehamia nyumba ya jirani yake. Viazi vya Lubero ni vya ukoo huohuo, na ndizi pia. Kasiksi, pombe yetu, nayo hutoka kwenye ndizi, jambo ambalo wanaume kadhaa wamekataa kulisikia: wameacha bugali kwa uchungu mkubwa, wakahamia kwenye kibuyu wakisema wanakunywa matunda.

Hapa mzaha usimame kidogo. Kama unachoma insulini au unameza dawa za kushusha sukari, usipunguze bugali kwa ushujaa wako mwenyewe. Dawa ilipangwa kwa kuangalia ulichokuwa unakula. Ukiondoa chakula ukaacha dawa palepale, sukari inaweza kushuka hadi uanguke. Muulize daktari kwanza. Haya, tuendelee.

Chombo. Wachina, mabingwa wa mapishi haya ya kukaanga mboga, hutumia chuma chembamba chenye tumbo la mviringo. Wafanyabiashara wa Butembo wamekuwa wakienda Guangzhou kwa miaka mingi, na makontena yao hupita Mombasa, Kampala na Kasindi yakiwa na vitenge, simu, vipuri vya pikipiki na mabati. Ungedhani katika safari zote hizo mmoja wao angetupia kikaango kimoja nyuma ya kontena. Si kitu, kwa sababu chombo hicho tunacho: karai. Nenda kwa muuza vifaa vya ujenzi, ukachague la chuma kitupu, lisilopakwa rangi wala zinki, ambalo halijawahi kuonja simenti. Akikuuliza unajenga wapi, mwambie unajenga afya, uondoke haraka. Nyumbani lisugue, likaushe, lipake mafuta na lichome mpaka litoe moshi na kuwa jeusi. Baada ya hapo usiliazime kwa mwashi yeyote, hata akiwa ndugu wa tumbo moja.

Moto uwe mkali, makala yote mekundu, mlango wa mbabula wazi. Na hapa Butembo tuna bahati ambayo hatujawahi kuitumia. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharage hukaa motoni mchana kutwa yakimaliza makala. Mafuta hayajali mlima wala bonde: yakipata moto yamepata moto, na mboga zinaiva kwa dakika tano au sita. Mama anayenunua gunia la makala atakuelewa hapo, hata kama neno kalori hajalisikia.

Kata kila kitu kabla ya kuwasha. Mboga zikishaoshwa zikung'ute zikauke, maana majani yenye maji huupoza moto. Anza na nyama ya mbuzi iliyokatwa nyembamba, au mayai, uvitoe uviweke kando. Kisha kitunguu na tangawizi, karoti, kabichi, na mwisho kabisa lengalenga, ambayo haihitaji zaidi ya kuuona moto. Usijaze karai. Familia ya watu tisa ipikiwe kwa mafungu matatu, na atakayelalamika apewe kazi ya kupepea. Samaki wa Kyavinyonge ni mzuri sana, ila ukimgeuzageuza mbichi humo atasambaratika. Mkaange peke yake, umlaze juu ya mboga mwishoni.

Sasa mtihani. Katikati ya kazi mkono wako utanyookea kikombe cha maji, na mkono wa pili utafungua Maggi. Ni mikono iliyolelewa vizuri, inafanya ilichofundishwa na mama. Izuie. Ukimwaga maji umepika mchuzi, na mchuzi huita bugali. Hakuna binadamu kati ya Butembo na Oicha aliyewahi kutazama mchuzi mwekundu ukitulia sahanini akasema nitaunywa kwa kijiko.

Sombe usiikaange. Najua ni jani, najua ni la kijani, najua wanga wake ni kidogo. Lakini jani la muhogo lina sumu ya sianidi, na kinachoipunguza ni kutwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu. Dakika tano za karai hazitoshi.

Ukishuka Beni, kilomita zipatazo 54, joto linaongezeka, na mawese ni mengi. Weka kijiko, usiweke kikombe. Habari ya kunawa mikono siwafundishi watu wa mji huo: kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola iliwafanya wanawe maji ya klorini kwenye kila mlango. Habari ya kupunguza wanga nayo siwafundishi. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya waasi wa ADF yamewafukuza wakulima wengi kwenye mashamba yao, na mtu aliyekuwa akichimba muhogo wake mwenyewe leo anaununua kwa kipimo, siku akiwa na faranga. Huo nao ni mlo wenye wanga kidogo. Una mboga kidogo pia, na samaki kidogo, na hakuna aliyeutungia kitabu chenye picha za kumeremeta. Kwa hiyo ukikaa na mama aliyekimbia kutoka Mbau, usimweleze kwamba bugali unanenepesha. Mkaribishe ale, na umsongee mwingi.

Wewe mwenye suruali inayobana, gawa sahani yako hivi: nusu mboga, robo samaki, nyama au yai, na robo iliyobaki tonge moja la ukubwa wa ngumi yako. Ngumi yako, si ya shemeji. Wengine wasongee bugali kama kawaida, uuweke upande wa pili wa meza, mbali na mkono wako wa kulia. Atakayekuponza ni mtoto mdogo: jirani akiingia tu, atatangaza kwa sauti kwamba papa siku hizi hali bugali. Mtume mapema dukani akanunue chumvi.